Sanduku la ubao mmoja: ufundi wa Wahaida wa pwani ya Kanada

Kwa karne nyingi Wahaida, wenyeji wa visiwa vya Haida Gwaii vilivyo magharibi ya Kanada, wamekuwa wakitengeneza masanduku ambayo pande zake zote nne hutokana na ubao mmoja uliokunjwa kwa mvuke. Masanduku hayo yalitumika kupikia, kuhifadhi chakula, kutunza mali ya ukoo na hata kuzikia wafu. Mengi yalichukuliwa yakapelekwa katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo, na sasa wajukuu wa mafundi wale wanaurejesha ufundi huo nyumbani.

Haida Gwaii ni kundi la visiwa zaidi ya 150 katika Bahari ya Pasifiki, mkabala na pwani ya jimbo la British Columbia. Waingereza walivipa visiwa hivyo jina la Malkia Charlotte, na jina hilo lilidumu katika ramani hadi mwaka 2010, serikali ya jimbo ilipolirejesha rasmi jina la wenyeji. Wahaida wengine huishi kusini mwa Alaska, nchini Marekani. Lugha yao haina udugu unaokubalika na wataalamu wote na lugha yoyote nyingine duniani.

Jamii ya Kihaida imegawanyika pande mbili, upande wa Kunguru na upande wa Tai. Mtoto hufuata upande wa mama yake, na kwa desturi mtu wa upande mmoja huoa au kuolewa upande wa pili. Kwa hiyo urithi wa majina, vyeo na alama za ukoo haukutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe. Ulitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa sababu nakshi nyingi zinazoonekana katika masanduku zina mwenyewe: ni mali ya ukoo fulani, na asiye wa ukoo huo hana ruhusa ya kuzitumia.

Mti unaopasuka kwa kunyooka

Chanzo cha sanduku ni mti ambao wenyeji huutegemea kwa karibu kila kitu, nao ni mwerezi mwekundu wa pwani ya Pasifiki. Ingawa huitwa mwerezi, mti huo si wa jamii moja na mierezi ya Lebanoni inayotajwa katika Biblia. Hukua ukawa mkubwa mno, huishi mamia ya miaka, na mbao yake ina kemikali za asili zinazoizuia kuoza upesi katika nchi ile ya mvua nyingi. Sifa yake nyingine ni kwamba nyuzi zake zimenyooka. Fundi akipigilia kabari za pembe au za mti mgumu, ubao hupasuka toka mwanzo hadi mwisho bila kwenda upande. Kutokana na mti huo Wahaida walijenga nyumba kubwa, wakachonga mitumbwi ya kuvukia bahari na nguzo ndefu zenye sura za wanyama, na maganda yake wakayasuka kuwa mikeka, kamba na nguo.

Si kila ubao ufaao kwa sanduku. Fundi hutafuta ubao usio na vifundo, wenye nyuzi zilizosongamana sawasawa, jambo linalopatikana hasa katika miti mizee iliyokua polepole msituni. Kifundo kimoja tu mahali pa kukunjia chatosha kuupasua ubao na kuiharibu kazi ya siku nyingi.

Jinsi sanduku linavyokunjwa

Ubao ukishapasuliwa, huchongwa kwa tezo mpaka ukawa mwembamba na laini. Kisha fundi hupima pande nne za sanduku juu ya ubao huohuo, moja baada ya nyingine. Mahali patakapokuwa na pembe, hukata mfuo unaokwenda toka ukingo mmoja hadi wa pili. Mifuo ni mitatu tu, kwa maana ubao wenye pande nne hukunjwa mara tatu, na pembe ya nne ni pale ncha mbili za ubao zinapokutana.

Mifuo hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Fundi hupunguza unene wa ubao katika mfuo hadi zibaki nyuzi chache za upande wa nje. Akiacha nyingi, ubao hautakunjika. Akizidi kukata, utavunjika. Wengine huuchimba mfuo kwa ndani kidogo ili ubao ukikunjwa, upande mmoja uingie katika mwenzake na pembe ifungike barabara.

Baada ya hapo huja mvuke. Zamani mawe yalitiwa motoni mpaka yakawa mekundu, yakawekwa katika shimo pamoja na mwani uliolowa maji, na ubao ukafunikwa juu yake. Joto na unyevu hulainisha nyuzi za mti. Ubao ukiwa tayari hutolewa na kukunjwa mara moja, pembe baada ya pembe, kabla haujapoa. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na fundi wa Kihaida angeuelewa msemo huo bila kufasiriwa, kwani ana muda mfupi sana kabla nyuzi hazijakauka na kukataa. Akimaliza, hulifunga sanduku kwa kamba na kupima toka pembe hadi pembe ili kuhakikisha kwamba halikwenda mshazari.

Pembe ya nne huunganishwa kwa vigingi vidogo vya mti vinavyopigiliwa katika matundu yaliyotobolewa kwa mshazari, au hushonwa kwa mizizi myembamba ya miti ya jamii ya msonobari. Kitako ni ubao mwingine mzito zaidi, uliochongwa ukingoni ili pande za sanduku zikae juu yake bila kuacha nafasi, kisha nacho hupigiliwa vigingi. Hakuna msumari wa chuma wala gundi inayohitajika. Sanduku lililotengenezwa vyema halivujishi hata tone la maji.

Mgeni wa kwanza wa Ulaya anayejulikana kukutana na Wahaida alikuwa nahodha Mhispania Juan Pérez, mwaka 1774. Mitumbwi ya wenyeji iliifuata meli yake kwa ajili ya biashara, na padri Juan Crespí, aliyekuwa melini, aliandika habari za masanduku ya mbao ambayo pembe zake zilishonwa badala ya kupigiliwa misumari. Maandishi hayo yanaonyesha kwamba ufundi huo ulikuwa umekomaa kabla ya zana za chuma za Wazungu kuenea. Ushahidi mwingine ulipatikana kusini zaidi, katika kijiji cha Ozette cha watu wa Makah, jimbo la Washington nchini Marekani. Kijiji hicho kilifunikwa na maporomoko ya udongo karne kadhaa zilizopita. Wataalamu waliokifukua kuanzia mwaka 1970 walikuta vitu vya mbao vilivyohifadhiwa na tope, masanduku ya kukunjwa yakiwa miongoni mwavyo. Wahaida basi hawakuwa peke yao katika ufundi huu. Majirani zao Watlingit, Watsimshian na wengine wa pwani hiyo nao waliujua.

Chungu, ghala, kiti na jeneza

Watu wa pwani hiyo hawakuwa wafinyanzi. Kazi ambayo kwingineko ilifanywa na chungu, huko ilifanywa na sanduku. Mpishi alijaza maji ndani ya sanduku, akachukua mawe yaliyochomwa motoni kwa koleo la mti na kuyatumbukiza. Baada ya mawe machache maji yalitokota, na samaki akaiva bila sanduku kuguswa na moto.

Masanduku mengine yalikuwa ghala. Yalihifadhi samaki waliokaushwa, mwani, matunda ya msituni na mafuta. Mafuta yaliyothaminiwa kuliko yote yalitoka kwa samaki mdogo anayevuliwa katika Mto Nass, bara. Wahaida hawakuwa naye visiwani mwao, kwa hiyo walivuka bahari kuwaendea Watsimshian na kubadilishana nao mitumbwi na bidhaa nyingine kwa masanduku yaliyojaa mafuta.

Makasha makubwa yaliyonakshiwa yalikuwa ya wakuu wa koo. Humo mliwekwa mavazi ya sherehe, vinyago na vitu vingine vya heshima. Kasha liliwekwa mahali pa kuonekana ndani ya nyumba, na mkuu wa nyumba aliweza hata kulikalia. Yalikuwapo pia masanduku yaliyopigwa kama ngoma, yakining'inizwa kwa kamba.

Mwenye cheo alipofariki dunia, mwili wake uliwekwa katika sanduku. Kwa wakuu, sanduku hilo lilipandishwa juu kabisa ya nguzo iliyochongwa mbele ya kijiji, likakingwa kwa ubao wenye alama ya ukoo. Katika kijiji cha kale cha SGang Gwaay, kusini mwa visiwa hivyo, baadhi ya nguzo hizo bado zimesimama zikiliwa na mvua na upepo. Shirika la UNESCO lilikiweka kijiji hicho katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Wahaida wenyewe hawazifanyii ukarabati wa kudumu nguzo hizo. Kwa desturi yao, kilichotoka katika ardhi huachwa kirudi ardhini.

Hata simulizi za mwanzo wa ulimwengu zina sanduku ndani yake. Husimuliwa kwamba zamani dunia ilikuwa gizani kwa sababu mzee mmoja alikuwa ameuficha mwanga katika kisanduku kidogo, kilichomo ndani ya sanduku jingine, nalo ndani ya jingine, hivyo hivyo hadi la nje kabisa. Kunguru mwerevu alijigeuza kijani chembamba cha mti, akaingia katika maji aliyokunywa binti wa mzee huyo, na baadaye akazaliwa kama mtoto. Mjukuu huyo alilia na kubembeleza, na babu akampa sanduku moja leo, jingine kesho, mpaka likabaki la mwisho. Kunguru alipoupata mwanga alirudia umbo lake, akaruka kupitia tundu la moshi darini, na dunia ikaona.

Lugha ya mistari

Anayelitazama kasha la Kihaida kwa mara ya kwanza huona jicho kubwa, kisha jicho jingine, kisha mikono, manyoya na meno, na bado asijue anaangalia mnyama gani. Nakshi hizo zina kanuni kali kama za sarufi. Msomi Mmarekani Bill Holm alizichambua katika kitabu alichokichapisha mwaka 1965, ambacho mpaka leo hutumiwa na wachoraji na watafiti.

Msingi wake ni mstari mnene unaozunguka eneo lote bila kukatika, ukipanuka na kusinyaa kadiri unavyokwenda. Mstari huo mkuu kwa kawaida ni mweusi. Ndani yake huja mistari ya pili, ambayo mara nyingi ni myekundu, inayochora mashavu, ndimi, viganja na viungo vingine. Sehemu za tatu, pale zinapotiwa rangi, huwa za buluu iliyochanganyika na kijani. Maumbo yanayorudiwa ni machache: umbo la duara lililobanwa likawa karibu na mstatili wenye pembe za mviringo, linalotumika kwa macho na maungio ya viungo, na umbo linalofanana na herufi U, linalotumika kwa masikio, manyoya na mapezi. Ili upande wa kulia ulingane na wa kushoto, fundi alikata vielelezo vya maganda ya mwerezi na kuvigeuza toka upande mmoja hadi wa pili.

Rangi nyeusi ilitokana na mkaa, nyekundu na udongo mwekundu wenye madini ya chuma, na ile ya kijani na madini mengine ya ardhini. Baadaye wafanyabiashara wa meli walileta rangi nyekundu kutoka China, ambayo mafundi waliipenda kwa ukali wake. Ili rangi ishike, mchoraji alitafuna mayai ya samaki pamoja na maganda ya mwerezi, akatema ute wake na kuuchanganya na unga wa rangi. Brashi zilitengenezwa kwa nywele za nungunungu. Kifuniko cha kasha la heshima kilipambwa kwa safu ya vifuniko vyeupe vya konokono wa baharini, ambavyo hung'aa mithili ya meno.

Mnyama akiwa mzima na anayetambulika, alama zake husaidia: biva ana meno mawili makubwa na mkia wenye michoro ya mistari iliyopitana, tai ana mdomo uliopinda, nyangumi muuaji ana pezi refu la mgongoni. Lakini katika makasha mengi mwili wa kiumbe umetawanywa ukajaza ubao wote, hata kiumbe mwenyewe akapotea. Mtaalamu wa elimu ya jamii Franz Boas, aliyefanya kazi na msanii maarufu wa Kihaida Charles Edenshaw mwishoni mwa karne ya 19, aliona kwamba nakshi moja iliweza kupewa maelezo tofauti na watu tofauti. Wengine wanaamini kwamba utata huo ulikusudiwa: mwenye kasha ndiye aliyeijua habari yake, na haki ya kuisimulia ilikuwa yake.

Maradhi, sheria na wakusanyaji

Mwaka 1862 ugonjwa wa ndui ulizuka katika mji wa Victoria na kusambaa pwani nzima. Katika Haida Gwaii vijiji vizima viliangamia. Kufikia mwisho wa karne hiyo Wahaida waliokuwa wakihesabika kwa maelfu walikuwa wamebaki chini ya 1,000, na manusura walikusanyika hasa katika vijiji viwili, Old Massett na Skidegate. Fundi alipokufa kabla ya kumfundisha mpwa wake, ujuzi wake ulikwenda naye kaburini.

Pigo la pili lilitoka serikalini. Kuanzia mwaka 1885 sheria ya Kanada ilipiga marufuku potlachi, sherehe ambayo mkuu wa ukoo aliwaalika watu, akatangaza majina na haki za ukoo wake na kuwagawia wageni mali nyingi. Masanduku yalikuwa sehemu ya sherehe hizo, ama yakiwa yamebeba mali ama yakiwa ndiyo zawadi yenyewe. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1951. Wakati huohuo watoto walipelekwa katika shule za bweni ambako walikatazwa kuzungumza lugha yao.

Katika miaka hiyo hiyo ya udhaifu ndipo majumba ya makumbusho ya Ulaya na Amerika yalipokuwa na pupa ya kukusanya. Makasha yalinunuliwa kwa watu waliokuwa na shida, na mengine yalichukuliwa katika vijiji vilivyohamwa. Hata mifupa ya wafu ilitolewa makaburini ikapelekwa kuchunguzwa. Hivyo ikatokea kwamba katikati ya karne ya 20 kijana wa Kihaida aliyetaka kuona kasha bora la mababu zake alilazimika kusafiri hadi miji ya mbali.

Njia ya kurudi

Mmoja wa walioanza kuufufua ufundi huo alikuwa Bill Reid, ambaye mama yake alikuwa Mhaida na ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa mtangazaji wa redio ya taifa ya Kanada, CBC. Alijifunza usonara, akazichunguza kazi za kale, na akatengeneza, pamoja na sanamu kubwa, visanduku vya dhahabu vyenye nakshi za Kihaida. Mwaka 1969 kijana Robert Davidson alisimamisha nguzo huko Old Massett, ya kwanza kusimamishwa kijijini hapo baada ya takriban miaka 90.

Masanduku ya kukunjwa yalipata kazi mpya, au tuseme kazi yao ya zamani ilirudi. Tangu miaka ya 1990 kamati za Wahaida zimekuwa zikifuatilia mabaki ya wafu wao katika makumbusho, na zaidi ya watu 400 wamekwisharudishwa. Mwaka 2003 jumba la makumbusho la Field la mjini Chicago lilirudisha mabaki ya watu wapatao 160. Kwa ajili ya maziko hayo mafundi walikunja masanduku ya mwerezi, wanafunzi wa shule wakashiriki kuyapaka rangi, na wazee waliokuwa wamelala katika makabati ya makumbusho wakazikwa ndani yake kwa heshima. Vijana waliojifunza kukunja mbao katika miaka hiyo, sanduku lao la kwanza lilikuwa jeneza la babu yao.

Mwaka 2009 ujumbe wa Wahaida ulikwenda Uingereza kuviona vitu vyao katika British Museum na katika jumba la Pitt Rivers la Chuo Kikuu cha Oxford. Huko Oxford waliliona kasha moja lenye nakshi za ustadi wa ajabu, ambalo limekuwamo humo tangu jumba lilipoanzishwa karne ya 19. Mwaka 2014 ndugu wawili wasanii, Gwaai na Jaalen Edenshaw, walirudi hapo na kwa muda wa mwezi mmoja walikaa mbele ya kasha hilo wakichonga jingine mfano wake, mstari kwa mstari. Kasha la kale lilibaki Oxford, na jipya likaenda Haida Gwaii.

Sanduku la aina hiyo lilitumika pia katika shughuli ya taifa zima. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyosikiliza ushahidi wa waliopitia shule za bweni, ilimwagiza mwaka 2009 msanii Luke Marston, wa jamii ya Wasalish wa pwani, atengeneze sanduku la mwerezi la kukunjwa kwa mvuke. Sanduku hilo lilizungushwa katika mikutano ya tume, na watu wakaweka ndani yake vitu vya kumbukumbu na barua. Sasa limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Manitoba, mjini Winnipeg.

Hata hivyo, ujuzi pekee hauwezi kukunja sanduku bila mti. Sehemu kubwa ya mierezi mizee ya Haida Gwaii ilikatwa na kampuni za mbao katika karne ya 20. Mwaka 1985 Wahaida, wakiwamo wazee, waliziba barabara ya wakataji katika kisiwa cha Lyell, na watu 72 wakakamatwa. Mapambano hayo yalizaa hifadhi ya Gwaii Haanas, ambayo tangu mwaka 1993 inasimamiwa kwa pamoja na serikali ya Kanada na Baraza la Taifa la Haida. Mwezi Aprili mwaka 2024 serikali ya British Columbia ilitia saini mkataba wa kutambua kwamba Wahaida ndio wenye haki ya asili ya ardhi ya visiwa vyote.

Limebaki tatizo moja ambalo mkataba hauwezi kulimaliza kwa saini. Paa walioletwa visiwani kutoka bara mwishoni mwa karne ya 19 wamezaana kupita kiasi, na chakula wanachokipenda ni miche ya mwerezi. Mahali pengi miti michanga haikui, ijapokuwa mizee ingali imesimama. Kwa hiyo huko Haida Gwaii kuna watu wanaozungushia wavu miche ya mwerezi ili paa wasiile. Mche uliopona leo utahitaji mamia ya miaka kabla haujatoa ubao mpana, usio na kifundo, unaofaa kukunjwa kuwa kasha.